Wakuu Watatu Katika Msimu Mmoja

Nakuru, Kenya

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Najua hapo umeshaitikia marahaba kwa sauti, hata kama ni karatasi tu inayokusalimu. Magoti yanasemaje? Na Mama, ile dawa ya macho aliyopewa Masasi imemsaidia, au ameiweka kabatini na kurudia maji ya chumvi? Mimi mwili wangu hauna shida. Nadhani mmeshaanza kupuliza salfa kwenye mikorosho. Mwaka jana ulipuliza bila kitambaa usoni ukakohoa wiki nzima. Nakuomba sana Baba, mwaka huu funga uso.

Sasa nikueleze kwa nini nimeandika badala ya kupiga. Kwenye simu unasikia nusu, nusu nyingine unaitikia "haya, haya", halafu unampa Mama. Jambo hili sitaki ulisikie nusu. Mjomba Rashidi alinipigia kutoka dukani kwake Masasi. Hakunijulia hali. Alisema, "Somoe, video tumeiona. Gari limebiringika, watu wameumia, na mkubwa wenu anasema ni uzembe wa fundi wa kike. Umetuaibisha ukoo mzima. Rudi nyumbani, tukutafutie mume, haya mambo ya magari yaishe." Nilipofungua mdomo akasema ana wateja, akakata. Kisha Mama akaniambia mjomba alipanda mpaka Mnyambe kukuonyesha hiyo video, nawe hukusema neno, ukatoka kwenda shambani bila kula.

Maneno ya mjomba nimeyazoea tangu nilipokataa kusomea ualimu. Ule ukimya wako, Baba, ndio ulionikata maini. Wewe uliyenilaza chini ya lori la korosho nikiwa na miaka tisa, tochi mkononi, unikague kama naijua bomba ya breki na ya mafuta! Uliamini kwamba mimi nimeacha bolti wazi? Nisikilize basi.

Unajua kazi yangu hapa ni ya timu ya mbio za magari, zile za porini, za vumbi na mawe. Gari moja tu tunalo. Denis ndiye dereva. Pembeni yake hukaa Njeri, msoma njia, anayemwambia kona inayokuja ni kali au ni nyepesi kabla hajaiona. Njeri ndiye ninayepanga naye chumba. Nilipougua malaria mwaka juzi yeye ndiye aliyenipikia uji. Mafundi tuko watatu. Na aliyetuajiri sote, akaijenga timu kutoka gari bovu alilolikuta kwenye majani, ni Mzee Otieno, aliyekuwa mkuu wa timu.

Mzee huyu ungempenda. Huku ukisema shikamoo vijana wanacheka, wao ni "sasa" na "poa". Lakini yeye alijifunza kwangu kuitikia marahaba, na akawa ananidai shikamoo yake kila asubuhi kabla hajaniruhusu kushika spana. Alikuwa na sheria moja kali: kila gurudumu likaguliwe na mafundi wawili, mmoja baada ya mwingine, na wote watie saini kwenye daftari. Bila saini mbili gari haliondoki, hata rais wa nchi awe amesimama anasubiri.

Msimu huu tulianza vibaya, sikufichi. Mbio za kwanza giaboksi ilikufa. Za pili tulikwama kwenye tope mpaka muda ukaisha. Za tatu injini ilichemka. Gari limezeeka, na Mzee Otieno alikuwa amemwambia hivyo mwenye timu tangu mwaka jana. Mwenye timu ni mtu wa mashamba ya maua, sisi tunamwita Tajiri. Anapenda mbio kama watu wa Newala wanavyopenda mpira, yaani anajua kushangilia tu.

Basi baada ya mbio za tatu Tajiri alikuja karakana asubuhi, akatukusanya uani. Mzee Otieno alikuwa chini ya gari. Tajiri hakusubiri atoke. Akatangaza, "Kuanzia leo timu inapata damu mpya. Tunamshukuru Mzee kwa kazi yake." Baba, ule mguu wa Mzee ulikuwa unaonekana pale chini, na kiatu chake, na mkono ukiendelea kukaza. Halafu tukasikia sauti yake, "Nimekusikia. Niache nimalize hii bolti." Akaimaliza. Akatoka, akajipangusa grisi, akaweka funguo juu ya boneti, akatupa mkono mmoja mmoja. Nilipomwamkia akaniitikia, "Marahaba mwanangu," akaenda zake. Miaka kumi na moja, na hakupewa hata kiti cha kukalia akiambiwa!

Damu mpya yenyewe ilikuwa Bwana Collins, shemeji yake Tajiri, ndugu wa mkewe. Kabla ya hapo alikuwa akiuza matangazo. Sina ugomvi na kuuza matangazo. Lakini mtu ambaye hajawahi kufungua nati ya gurudumu kuwa mkuu wa mafundi! Wiki ya kwanza tukapewa ovaroli mpya, nyekundu, zenye majina mgongoni. Wiki ya pili gari likapakwa rangi upya na kubandikwa picha. Akaleta mpiga picha wa kudumu, nasi tukaambiwa tutabasamu tunapobadilisha tairi. Wiki ya tatu akalichukua daftari la Mzee Otieno mezani, akalifunua kwa vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Saini za ukaguzi," nikasema.

"Mara mbili kila gurudumu? Hapo ndipo muda wa timu unapotelea. Kuanzia leo mmoja anatosha, na hakuna kuandika andika."

Wenzangu wawili wakanyamaza, wana watoto. Mimi nikasema, "Bwana Collins, mimi nitaendelea kuandika." Akacheka, akaniita Madam Polisi. Jina likashika karakana nzima.

Sasa fuata vizuri hapa, Baba, maana hapa ndipo uongo ulipozaliwa.

Siku mbili kabla ya mbio za nne tulilijaribu gari barabarani. Liliporudi nikaliinua kwa jeki, nikapitisha kitambaa kwenye wishboni ya mbele kushoto, kile chuma kinacholishikilia gurudumu kwenye mwili wa gari. Kitambaa kikanasa. Nikafuta grisi, nikatazama: ufa. Mwembamba kama unywele, lakini umezunguka nusu ya chuma. Nikaenda kwa Bwana Collins, nikamwambia chuma hiki kibadilishwe, kingine hatuna, kiagizwe Nairobi, kinafika kesho yake jioni.

"Kesho jioni gari linatakiwa kwenye maonyesho mjini," akasema. "Wadhamini wanakuja kupiga nalo picha. Pigeni welding."

"Chuma cha kazi hii hakichomelewi. Kitakatika kando ya kidonda."

"Madam Polisi, umewahi kuona gari halina ufa?"

Nikakataa kukichomelea. Akamwita mtu wa nje, fundi wa mageti, akakichomelea mbele yangu. Kisha kikapakwa rangi nyeusi usiuone mshono. Mimi nikafungua daftari, nikaandika kwa mkono wangu: Mbele kushoto, ufa, umechomelewa, gari lisiondoke. Nikatia saini moja, sehemu ya pili ikabaki tupu. Na Njeri nilimwambia. Akaenda kumuuliza Bwana Collins, naye akamjibu kwamba chuma kimeshabadilishwa, kwamba mimi nina kinyongo kwa sababu ya Mzee Otieno. Njeri akachanganyikiwa, Baba. Na mimi nikamkasirikia kwa kuchanganyikiwa, tukalala bila kusemezana. Hilo najilaumu mpaka leo.

Asubuhi ya mbio magari yamepanga mstari. Denis ameshafunga mkanda. Akanishika mkono kupitia dirishani.

"Somoe, niambie. Gari iko sawa?"

Kabla sijajibu Bwana Collins akaingiza kichwa, "Iko sawa kabisa. Huyu anaogopa hata kivuli chake."

Nikasema, "Denis, mimi sikulitia saini."

Akanitazama. Mwenye bendera alikuwa ameshaanza kuhesabu. Watu wanapiga kelele, injini inanguruma. Denis akageuka mbele. Wakaenda.

Nilipaswa kusimama mbele ya gari. Nimelisema hili kwa Njeri, nalisema na kwako. Nililala chini ya gari mara mia, siku ile moja ya kusimama mbele yake sikusimama.

Kwenye kona ya kilima, mbele ya watu, gurudumu la mbele kushoto lilijikunja ndani. Gari likabiringika mara tatu. Denis alitoka na michubuko. Njeri alivunjika mfupa wa bega na mkono, na mbavu mbili. Tulipofika na gari la kuvuta alikuwa amelazwa kwenye majani, uso mweupe kwa vumbi, anauliza tu, "Denis yuko wapi?" Denis alikuwa amemkalia pembeni, ndiye aliyemshika mkono mzima.

Mimi nilifanya jambo moja la akili siku ile. Wakati wanafunga kamba nilikitafuta kile chuma kilichokatika, nikakikuta kwenye mtaro, nikakifunga kwenye kanga yangu, nikakitia begini. Niliangalia mahali kilipokatika. Nusu ya ndani ilikuwa na kutu. Chuma kilichovunjika leo hakina kutu, Baba, wewe unajua.

Jioni ileile Bwana Collins alisimama mbele ya kamera na kusema ni uzembe wa fundi, kwamba fundi mmoja wa kike alisahau kukaza bolti na hatua zimechukuliwa. Hiyo ndiyo sauti mliyoisikia kwenye simu ya mjomba. Mimi sijaambiwa lolote, nimekaa hospitali mlangoni kwa Njeri, naletewa video na watu nisiowajua.

Kesho yake akaniita ofisini. Karatasi iko tayari mezani. "Weka saini hapa kwamba ulisahau. Tutakuhamishia stoo, mambo yatapoa. Usipoweka, utarudi kwenu na hakuna timu itakayokugusa."

Nikamuuliza, "Daftari liko wapi?"

"Daftari gani?"

Nikamwambia, "Bwana Collins, saini yangu uliidharau ilipokuwa ya kuokoa watu. Leo umeitaka ya nini?" Nikatoka. Nikavua ile ovaroli nyekundu pale pale uani, nikabaki na gauni langu, nikaiacha juu ya jeki.

Nikampigia Mzee Otieno. Amerudi kwao karibu na Kisumu, anafuga kuku. Hakuniuliza maswali mengi. Akasema, "Hicho chuma usimpe mtu. Nakuja." Akapanda basi akaja, tukaenda pamoja kwa wasimamizi wa mashindano, ambao kila ajali lazima waichunguze. Wakaweka chuma mezani. Bwana Collins akaja na suti yake. Akasema chuma hicho si cha gari letu. Msimamizi mmoja, mama mtu mzima, akachukua kisu, akakwangua ile rangi nyeusi. Mshono wa welding ukatokea, unang'aa. Akamuuliza Denis, "Gari yako ilichomelewa?" Denis akasema, "Mimi niliambiwa chuma kimebadilishwa." Kisha yule fundi wa mageti akaitwa, naye masikini akasema ukweli bila kusukumwa: aliambiwa achomelee, akachomelea, hakujua ni chuma cha kazi gani.

Wakaandika kwamba gari liliruhusiwa kuondoka likiwa bovu, kwa amri ya mkuu wa timu, na fundi hana kosa. Bwana Collins akafungiwa kusimamia timu. Ungedhani sasa kamera zingekuja. Haikuja hata moja! Uongo ulitangazwa jioni ileile, ukweli ukabandikwa karatasi moja kwenye ubao wa ofisi ya wasimamizi, nyuma ya mlango. Nimesimama mbele ya ubao ule nikalia kwa hasira mpaka Mzee akaniambia nipanguse uso, watu wanapita.

Tajiri akamfuata Mzee Otieno, arudi kuwa mkuu. Mzee akamjibu mbele yangu, "Mimi si koti, la kuvaliwa wakati wa mvua. Fundi wenu huyo hapo. Yeye ndiye peke yake aliyesema hapana."

Tajiri akanigeukia, akanipima juu mpaka chini. "Basi Somoe ashike timu kwa sasa," akasema, "mpaka tupate mwanaume wa kufaa."

Nikamwambia, "Hiyo 'kwa sasa' siitaki. Ukitaka nishike timu, andika kwamba nimeshika timu. Na kabla sijaingia uani, uwakusanye watu pale pale ulipomtangazia Mzee Otieno, uwaambie kwamba nilisingiziwa."

Akasema hayo yamepita, tusifukue. Nikasema kwangu hayajapita, baba yangu ametoka nyumbani bila kula. Akaniangalia kama nimesema Kichina. Siku tatu hakunijibu. Siku ya nne akaita watu.

Alisema, lakini alisema akiitazama saa yake, sauti haitoki kooni. Njeri alikuwa amekuja kutoka hospitali, mkono umening'inizwa kwa bandeji shingoni. Akapaza sauti kutoka nyuma, "Sema kwa nguvu, huku hatusikii!" Watu wakaguna. Tajiri akakohoa, akarudia kwa sauti kubwa: fundi Somoe hakuwa na kosa, kosa lilikuwa letu. Kisha Njeri akaja kunikumbatia kwa mkono mmoja, nami nikaogopa kumbana mbavu, tukabaki tumeshikana vidole kama watoto.

Ndivyo nilivyokuwa mkuu wa timu, Baba, wa tatu katika msimu mmoja. Jambo la kwanza nilinunua daftari jipya.

Usidhani sasa ni raha. Jana Jumapili ndiyo ilikuwa mbio yangu ya kwanza. Tajiri ameleta wageni, wamekaa kwenye hema, wanakula. Njeri hajapona, kwa hiyo Denis ameazima msoma njia mwingine. Gari limepanga foleni, limebaki kama dakika kumi. Nikainama kuangalia mara ya mwisho. Chini ya gurudumu la nyuma kuna tone. Nikagusa, nikanusa. Mafuta ya breki. Bomba imelainika kwenye kiungo, na muda wa kubadilisha haupo.

Denis akasema, "Ni tone tu, Somoe. Naweza kuendesha taratibu." Alitaka kweli kwenda, machoni nilimwona. Tajiri akaja mbio kutoka hemani na leso mkononi. "Wageni wangu wamesafiri kuja kuona gari! Nimekupa timu wiki tatu, na hivi ndivyo unavyonilipa?"

Safari hii sikuzungumza na dirisha. Nilifungua boneti, nikachomoa waya wa betri, nikautia mfukoni. Nikasimama mbele ya gari, mikono nyuma. Mwenye bendera akahesabu, akafika mwisho, akatuashiria tutoke njiani. Tukalisukuma gari pembeni mbele ya watu wote. Kuna waliozomea. Mmoja akaimba, "Mama rudi jikoni." Nimelisikia, na bado linaniwasha.

Tajiri aliondoka na wageni wake, akamwambia dereva wake kwa sauti ya kunifikia kwamba Jumatatu kuna kikao. Denis naye alinuna, akakaa juu ya tairi muda mrefu. Kisha akainama mwenyewe chini ya gari, akaigusa ile bomba kwa kidole. Ikakatika mkononi mwake. Akaja kwangu na kipande kile. Akaniuliza tu kama nimekula. Tukanunua mahindi ya kuchoma, tukala, kisha akaenda kwao kwa miguu yake mwenyewe, kwa mkewe.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya macho aitumie mpaka iishe. Nisalimie Bibi, na pale mtakapochimba ming'oko mpya, vile viazi vyetu vya porini, anitilie kidogo kwenye mfuko, akipatikana mtu wa kwenda Dar, kutoka huko itanifikia kwa basi. Shangazi Hadija wa Kitangari nampa pole ya kuteka maji mbali, nami nimemweka kwenye dua. Kaka Bakari na wifi yangu wasalimiane kwa niaba yangu, maana wakianza kununiana wanasahau wageni. Mjomba Rashidi msalimie kwa heshima zote, ni mjomba wangu na siwezi kumruka. Ila mpe barua hii aisome dukani kwake, kwa sauti ileile aliyoonyeshea video, na umwambie sirudi kuficha aibu ambayo si yangu.

Nawe Baba, kula. Leo ni Jumatatu, kikao ni saa nne, na sijui watasema nini. Wakiniondoa, utasikia ni kwa sababu nilizuia gari. Safari hii watakuwa wamesema kweli.

Ni mimi binti yako,

Somoe,
mkuu wa timu, angalau mpaka saa nne.